Mjadala: Mtoto anayejificha kwenye katuni za Kijapani na nyimbo za Wakorea, amepotea au ametafuta pa kupumulia?

MLETA MADA, DAR ES SALAAM

Wadau, salaam kwenu. Naleta hoja iliyozua kelele kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari hapa mjini, mpaka ajenda ya michango ya chakula ikasahaulika. Mzazi mmoja alisimama akaomba shule ipige marufuku wanafunzi kuchora "mashetani ya Kijapani" kwenye madaftari, kuimba nyimbo za Kikorea bwenini na kubandika picha za wasanii wa huko ndani ya masanduku yao. Alisema watoto hao hawana marafiki, wanajitenga, wameukana utamaduni wao. Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu wa nidhamu akasimama hapohapo akatangaza kwamba msako unaanza Jumatatu.

Mimi ni mwalimu, na sikupiga makofi. Naona tumeyapindua mambo, matokeo tumeyafanya chanzo. Watoto wengi ninaowaona na hizo katuni walishatengwa kabla hawajazijua. Walipokosa pa kukaa kwetu, wakakaa huko.

Yupo binti mmoja wa kidato cha pili, simtaji. Alihamia akitokea Kigoma. Siku za mwanzo alikuwa akinyoosha mkono kwa kila swali, na kila akisimama kujibu, nyuma kuna mtu anaiga lafudhi yake kabla hajamaliza. Wakampa jina la Mwisho wa Reli, kwa kuwa reli huishia huko kwao. Kufikia katikati ya muhula hanyooshi mkono tena. Siku moja nasahihisha madaftari ya Jiografia, nakuta kurasa za nyuma za daftari lake zimejaa nyuso: macho makubwa, nywele zilizochongoka, kila unywele umechorwa peke yake kwa kalamu ya bluu, vivuli vya shingoni vimetiwa kwa vistari vidogo vilivyopishana. Kazi ya mkono uliotulia. Chini ya uso mmoja ameandika: "Huyu naye walimkimbia."

Nikamuuliza ni nani. Akanieleza kwa kirefu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza bila kugeuka kuangalia nani anamsikiliza. Ni Naruto, kijana wa hadithi ya Masashi Kishimoto iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1999. Yatima. Kijiji kizima kinamkwepa, watu wazima wanawakataza watoto wao kucheza naye, kwa sababu ya zimwi lililofungiwa mwilini mwake akiwa kichanga, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuambiwa. Wala yeye hatoroki kijijini hapo. Anataka siku moja awe kiongozi wake, watu walewale wamtambue. Naomba anayeuona ushetani hapo anionyeshe ulipo, maana mimi namwona mtoto anayetaka kupokelewa kwao.

Na hao Wakorea: Novemba 2017 kundi la BTS lilianzisha pamoja na UNICEF kampeni ya kupinga ukatili dhidi ya watoto na vijana, na ujumbe wake mkubwa ni kwamba mtu aanze kwa kujipenda mwenyewe. Msichana anayechekwa kwa weusi wake au kwa viatu vyake akikutana na maneno hayo atayashika, hata yakiwa yameimbwa kwa lugha asiyoijua.

Njia hii tulishawahi kuipita. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipitisha Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa vita kwa jina la utamaduni wa taifa. Kabla mwaka huo haujaisha, muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Huo ulikuwa muziki wa watu weusi wa Marekani, watu waliofanywa wageni katika nchi waliyozaliwa, na wakati huohuo mji huu ulikuwa ukiwapokea wanaharakati wao kwa heshima. Mtu tulimkaribisha, wimbo wake tukaukataa. Baadaye ikaja zamu ya rap. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alichukua midundo ya Wamarekani akaitilia maneno ya Kiswahili, na waliofuata nyayo zake wakaitwa wahuni miaka na miaka. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ikampeleka Sugu, mmoja wa wachanaji hao, bungeni. Mwaka 2015 Mikumi ikampeleka mwenzake, Profesa Jay. Leo Bongo Fleva inapigwa kwenye hafla za serikali na hakuna anayeiita ya kigeni.

Basi tujadili. Shule ina haki ya kumnyang'anya mtoto kitu kinachompa nafuu, eti kwa kuwa kimetoka mbali? Na ikimnyang'anya, inampa nini?

MZEE WA KIBOKONI, MOMBASA

Mwalimu, umezungumza ya bara ukaisahau pwani. Hapa kwetu alikuwako Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, Mungu amrehemu. Sauti zake, yaani tuni, nyingi alizitoa kwenye filamu za Kihindi, akizipachika mashairi ya Kimvita, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir. Watu wakitoka sinema wanaijua sauti, na siku si nyingi wanaisikia harusini kwa maneno yao wenyewe. Hakuna aliyesema Bhalo si Mswahili.

Mimi nilikuwa na kigugumizi cha kweli. Madrasa nilichekwa, dukani nikitumwa nilikuwa naandikiwa kikaratasi. Lakini kuimba niliweza. Nikiimba za Bhalo ulimi ulifunguka, neno halikwami hata moja, na watu wakanyamaza kunisikiliza. Sauti ilikuwa ya Bombay, lakini aliyepona nilikuwa mimi, hapahapa Kibokoni. Mwache huyo mtoto na daftari lake.

MAMA WA WATATU, TANGA

Mzee wangu, shikamoo. Na mwalimu, nakuheshimu, ila naona mnalinganisha vitu visivyolingana.

Bhalo aliimba harusini. Watu wamekaa pamoja, wanatuza, wanaitikia, aliyenuniwa na jirani yake anapata pa kuinuka kucheza. Hata hiyo rap ilianza na vijana barazani, mmoja anapiga mdundo kwa mdomo mwenzake anachana. Mwanangu mimi anatazama peke yake, visikilizio masikioni, mlango umefungwa. Wageni wakija hatoki kuamkia. Shangazi yake ametoka Korogwe na kikapu cha machungwa, mtoto hakujua kama shangazi amefika mpaka alipoaga. Usiku wa manane naamka naona mwanga wa simu chini ya mlango. Bando nanunua mimi.

Mnasema huko anapata faraja. Sikatai. Lakini faraja inayomfundisha kwamba watu wa kwenye kioo wanamwelewa na mama yake hamwelewi, hiyo naiogopa. Wale wa kwenye kioo hawatakuja kumtazama akiumwa. Mimi sijapiga makofi kwenye kikao chenu, ila ningekuwepo ningepiga.

MTU WA FIZI, SASA MAREKANI

Mama, pole kwa hayo. Niseme la upande wangu.

Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, wazazi wakiwa wamekimbia vita Kongo. Kwa Watanzania nilikuwa mkimbizi. Tukaletwa Marekani nikiwa na umri wa sekondari; Wazungu wakaniona mweusi, weusi wa huku wakaniona Mwafrika, na Waafrika wenzangu wa nchi nyingine wakauliza Kiswahili gani hiki chenye Kibembe ndani. Shuleni nilikula chakula cha mchana nimesimama kwenye korido, ili isionekane kwamba sina meza.

Kilichonishika ni filamu za Bongo. Za mwigizaji Steven Kanumba hasa. Alipofariki Aprili 2012 tulikuwa bado kambini, na nakumbuka watu wazima wakilia kwenye kibanda cha video kama wamefiwa na ndugu. Huku ugenini nilizirudia zote. Nilikuwa nasikiliza namna wanavyosalimiana, namna mama mkwe anavyofoka, kuku anayelia nyuma ya uwanja. Mama yangu, ambaye Kiingereza hakijampanda mpaka leo, alikuwa anakuja kukaa pembeni yangu, tunacheka pamoja.

Sasa nawauliza ndugu Watanzania: hizo filamu kwetu zilikuwa za kigeni. Si Kibembe zile, si Kongo. Mzee mmoja wa kanisa letu alizikataza akisema tutasahau kwetu. Kwenu ni utamaduni, kwetu zilikuwa "mambo ya Bongo". Huyo binti wa Kigoma huenda ameshikwa na mkono uleule ulioniokoa mimi, tofauti ni kwamba wake umetoka Japani.

MDAU, NAIROBI

Naongeza moja tu. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu Mkenya, alisimama mbele ya wanawake weusi wa Hollywood akasimulia utoto wake: alivyochekwa kwa weusi wa ngozi yake, alivyokuwa akimwomba Mungu usiku aamke akiwa mweupe, na alivyokimbilia kioo asubuhi akakuta hajabadilika. Kisha akatokea Alek Wek, mwanamitindo Mdinka aliyekimbilia Uingereza kutoka Sudan mwaka 1991, mweusi kama yeye, magazeti yote yanamsifu. Lupita alisema hapo ndipo ua likachanua ndani yake. Picha ya mtu asiyemjua, kwenye jarida la ng'ambo, ilifanya kazi ambayo mtaa haukufanya. Mama yake alijaribu, na Lupita mwenyewe anasema maneno ya mama aliyaelewa baadaye. Kwa hiyo Mama wa Tanga, usijione umeshindwa. Kuna mambo mtoto huyakubali kwanza kutoka kwa mgeni.

MLETA MADA

Nawashukuru. Mzee, shikamoo. Ndugu wa Fizi, maneno yako nitayabeba kama yalivyo.

Mama wa Tanga, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa, kwenye kikao kile na hapa, kwa hiyo nakujibu wewe. Simu usiku wa manane izimwe. Hilo halina mjadala. Mtoto alale, na bando ni lako, una haki ya kulifunga. Mgeni aamkiwe. Sheria hizo mbili zinafaa kwa anayetazama Wakorea, kwa anayetazama mpira na kwa anayesikiliza mahubiri. Ninachokataa ni sheria inayoichagua picha yenyewe na kuiita ugonjwa.

Unasema yuko peke yake. Nisikilize kilichotokea kwa yule binti, kwa sababu kinahusu upweke huohuo. Kabla ya msako, wakati wa mapumziko walikuwa wakimjia wanafunzi wawili, mvulana wa darasa la pembeni na msichana mmoja aliyekuwa naye anazijua hizo hadithi, wanamwomba awachoree. Walikuwa wanabishana kwa sauti nani ana nguvu kuliko nani. Yule msichana ndiye aliyeanza kumwita kwa jina lake badala ya Mwisho wa Reli. Jumatatu ya msako daftari likachukuliwa, kurasa zikachanwa mbele ya darasa, na waliokuwa wakimwigiza wakacheka tena, safari hii na ruhusa ya mwalimu. Wale wawili hawakuja tena mezani kwake, waliogopa madaftari yao. Kikao kiliazimia kumrudisha mtoto kwa wenzake. Kilichofanyika ni kumwondolea wenzake wawili aliokuwa nao.

Na wale walioiga lafudhi yake muhula mzima, hakuna kikao kilichowajadili. Hilo linaniuma kuliko daftari. Kumcheka mtu kwa kabila lake na mkoa wake tumekuita utani, na kuchora nyuso zenye macho makubwa tukakuita utovu wa nidhamu.

Lingine, mama, naomba ulipime mwenyewe. Umetuambia kuhusu mlango, visikilizio na mwanga wa simu. Hujatuambia anatazama nini. Ndugu wa Fizi alisema mama yake alikuwa anakuja kukaa pembeni. Wengi wetu tumekua tukitazama pamoja: mwaka 2011 TBC ilipoleta tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya binti na wakwe zake, nyumba nzima zilikaa sebuleni kulalamikia mama mkwe wa Beijing, mpaka Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake hapa Dar es Salaam Machi 2013. Kilichotuweka pamoja ni kwamba televisheni ilikuwa moja na ilikuwa sebuleni. Kama mwanao atakubali, mwambie akuonyeshe sehemu anayoipenda zaidi, mtazame mpaka mwisho, kisha urudi hapa utuambie umeona nini. Ukisema umeona uchafu, nitakuunga mkono kuikataa hiyo mahususi kwa jina lake.

Kikao kijacho ni baada ya likizo. Nitaomba mambo mawili yaingie kwenye ajenda kabla ya michango: madaftari yaliyochukuliwa yarudishwe, na Jumamosi mchana darasa moja liachwe wazi kwa wanaotaka kuchora, chochote kile, na mimi nitakaa nao. Mwenye hoja ya kunipinga ailete sasa, maana ukumbini nitapewa dakika chache na mwalimu wa nidhamu atakuwa mezani pale mbele.