Bei wameiacha pale pale, chakula ndicho walichopunguza. Tusiambiwe tena hatujui kupanga bajeti!

Wadau, nawasalimu wote. Hasira bado ziko kifuani, mnivumilie nikirudia jambo.

Jana usiku watoto walipolala nilikaa jikoni na vitu viwili: daftari langu la matumizi na mizani ndogo ninayopimia unga nikioka keki. Daftari hilo nimeliandika mwaka wa sita sasa. Kila chakula kinachoingia ndani kimo: kiasi, bei, siku nilipokinunua, siku kilipoisha. Aliyenifanya nitoe mizani ni baba watoto. Wakati wa kula aliniuliza, "Mama watoto, mbona siku hizi vitu havifiki mwisho wa mwezi? Hela ni ile ile, tena na wewe unaongeza yako." Hakuuliza kwa ubaya. Niliumia hata hivyo, maana swali hilo nami nilikuwa nalo miezi kadhaa, na jibu nililojipa lilikuwa baya: niliamini kuna mtu humu ndani anachota. Mwanangu mkubwa nilimfokea mbele ya wadogo zake kwa ajili ya siagi ya karanga. Alilia, akaapa. Sikumwamini.

Kwa hiyo siagi ya karanga ndiyo niliyoanza nayo. Kopo tupu la mwaka jana nilikuwa nimelitunza, naweka viungo. Nikalisimamisha kando ya jipya: urefu mmoja, upana mmoja, kifuniko kimoja. Nikayageuza. La zamani kitako kimenyooka. Jipya kitako kimesukumwa ndani kama bakuli, kidole kinazama. Bei kwenye daftari haijabadilika hata kidogo. Nikachukua tambi: picha ile ile, rangi ile ile, pakiti iliyokuwa gramu 500 sasa ni 400. Samaki wa kopo ndio walionimaliza nguvu. Uzito ulioandikwa mbele haujaguswa, ila uzito wa samaki wenyewe baada ya kumwaga maji, ule wa maandishi madogo nyuma, umeshuka. Yaani maji yameongezwa. Tunauziwa maji kwa bei ya samaki.

Kuna atakayesema tambi zimepungua asilimia 20 tu. Hebu tupige hesabu. Kilo mbili nilizokuwa nazipata kwa pakiti nne, leo nazipata kwa pakiti tano. Pakiti nzima juu ya zile nne. Hiyo ni bei kupanda kwa asilimia 25, na hakuna mahali popote dukani palipoandikwa kwamba bei imepanda. Wangeipandisha mchana kweupe ningenuna, ningepanga upya, pengine ningeachana na tambi kabisa. Wameninyima hata nafasi ya kuamua, na aliyelipa kwa machozi ni mwanangu. Asubuhi nimemwomba msamaha.

Ila si uzito ulionifanya nifungue uzi huu. Nimeufungua kwa ajili ya maziwa.

Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu. Bei ya maziwa freshi ilipopanda, nikahamia ya unga. Ya unga nayo yakapanda. Siku moja kwenye rafu ile ile, mstari ule ule, nikaona kopo la bei nafuu zaidi. Mbele kuna ng'ombe amesimama kwenye majani, kuna glasi imejaa cheupe kinachofanana na maziwa, kuna mtoto anacheka. Nikashukuru Mungu, nikalitia kwenye kikapu. Miezi mitano nimemkorogea mwanangu kikombe asubuhi na kikombe jioni, moyo umetulia: nyama tumepunguza, matunda tumepunguza, lakini mtoto anakunywa maziwa.

Nilipompeleka kliniki, muuguzi akaangalia uzito wake, akaniuliza anakula nini. Nikajibu kwa kujiamini, nikataja na maziwa. Akaniambia, "Mama, siku nyingine njoo na kopo lenyewe nilione." Nikaenda nalo. Hakuangalia ng'ombe, alilizungusha upande wa nyuma, akaweka ukucha kwenye mstari mmoja, akaniambia nisome. Jina halisi la kitu hicho ni unga wa kuchanganyia vinywaji. Cha kwanza kwenye viambato: sirapu ya glukosi. Cha pili: mafuta ya mawese. Maziwa yanatajwa baadaye kabisa, nayo ni protini ya maziwa tu, kiasi kidogo. Akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulijua pamoja na daftari langu lote: viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi ndicho kinachoanza. Halafu akanionyesha jedwali. Maziwa ya unga halisi yasiyotolewa mafuta yana protini kama gramu 25 katika kila gramu 100. Kopo langu lilikuwa na gramu 3.

Wadau, nilikuwa namnywesha mwanangu sukari na mafuta nikiita maziwa. Miezi mitano. Kwa mkono wangu.

Sisemi unga ule ni sumu. Anayeutaka kwa chai yake aununue. Ninachouliza ni kwa nini umewekwa kwenye mstari wa maziwa, na kwa nini una ng'ombe. Picha ni kubwa kama kiganja, ukweli una herufi za ukubwa wa chawa. Na najua kuna atakayekuja hapa chini kuandika "soma lebo, dada". Nisome saa ngapi? Nimetoka kazini, mtoto yuko mgongoni, mwingine anavuta sketi, foleni imefika nyuma, taa ya dukani inang'aa juu ya kopo la kumetameta. Mtu aliyechora yule ng'ombe alikuwa na muda wa kutosha kufikiria mimi nitaangalia wapi.

Wazee walituachia msemo kwamba rahisi huvunja upishi. Mama mkwe wangu ameniambia hivyo mara nyingi, na kwa zama zake alikuwa sahihi. Yeye alinunua kwa mikono. Nyanya aliibonyeza, samaki alimfunua shavu aone wekundu, mchele aliutia kiganjani akaupuliza, unga aliunusa. Rahisi ilimvunjia upishi aliyeamua kuifuata akiiona. Mimi nanusa plastiki. Kila kitu kimefungwa, kimebandikwa, kimepambwa, na hata hicho cha ghali sina njia ya kujua kama ni ghali kwa sababu ni kizuri au kwa sababu ya kopo lake.

Sasa hawa wataalamu wa kutufundisha kubana matumizi. Andika orodha, usiende dukani na njaa, pika nyumbani, nunua kwa jumla. Orodha ninayo. Napika nyumbani siku saba za wiki. Hilo la jumla ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu ni kweli na halinisaidii. Gunia zima kwa kilo ni nafuu kuliko pakiti ndogo, hata mtoto analijua hilo. Lakini gunia linataka hela yote siku moja, linataka stoo kavu isiyo na panya, linataka na namna ya kulifikisha nyumbani. Mwenye hela ya gunia anapunguziwa. Asiye nayo ananunua kidogo kidogo, na kila kidogo kina bei ya juu zaidi kwa kilo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, halafu anampa somo la bajeti!

Na hili si jambo la jana. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia akaonyesha kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyoishia kwenye chakula. Kwa hiyo chakula kikipanda asilimia kumi, kwa tajiri ni mtikisiko mdogo, kwangu mimi ni ada ya shule. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2025 inasema watu bilioni 2.6 hawakumudu lishe bora mwaka 2024. Wote hao hawajui kuandika orodha?

Turudi kwenye swali la baba watoto, kwa nini vitu vinaisha haraka. Kupunguzwa ujazo ni sababu moja. Nyingine nimeiona mezani kwangu. Tulipokuwa tunapika maharagwe na mboga mara nyingi, watoto walikula wakanyamaza mpaka jioni. Tulipoanza kufidia kwa vitu vya pakiti, biskuti, tambi za dakika mbili, soseji za bei ya chini, mkate mweupe ule mwepesi kama sponji, wanakula, saa moja haijaisha wanafungua kabati. Nilidhani ni umri. Kumbe mwaka 2019 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha jaribio: watu 20 walikaa kituoni mwezi mmoja, wiki mbili wakipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula ambavyo havijasindikwa, mezani sukari, chumvi na mafuta vikiwa vimelinganishwa, wakaachiwa wale watakavyo. Kwenye vile vilivyosindikwa walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku. Ni jaribio dogo, lakini nilipolisoma niliwaona wanangu. Nafuu niliyoipata dukani naila tena kwa kununua pakiti ya pili.

Na sababu ya tatu ni ofa. Wiki mbili zilizopita nilichukua nyanya za punguzo, zimefungwa kwenye wavu, juu nyekundu zinapendeza. Nyumbani nikakata wavu: za katikati zimelainika, za chini zina ukungu. Nikapima nilizozitupa, karibu theluthi. Sasa nina safu mpya kwenye daftari, naiita bei ya kilichoingia chunguni. Nachukua hela niliyotoa nagawa kwa uzito wa kilicholiwa, si uzito wa kilichonunuliwa. Nyanya za ofa zilitoka ghali kuliko za kuchagua moja moja. Nyama ya bei ya chini iliyojaa mifupa na mafuta, hivyo hivyo. Kuku wa barafu aliyenywea nikimyeyusha, maji yakajaa bakuli, hivyo hivyo. Maharagwe makavu yanawashinda wote, maana yakiiva yanakuwa zaidi ya mara mbili ya uzito niliolipia na protini yake ni ya kueleweka. Mayai nayo yanajitetea vizuri. Mboga za barafu, ambazo nilikuwa nazidharau, hazina cha kutupa, na mara nyingi lishe yake haipitwi na mboga zilizosinyaa siku nne kwenye friji.

Lakini angalieni nimefika wapi. Mwanamke mzima, nina kazi, nina watoto, nimekuwa mkaguzi wa hesabu wa nyanya ili familia yangu isiibiwe. Kwa nini kazi hii yote ni yangu? Anayejua gramu zimepunguzwa ni yeye aliyezipunguza. Kuandika neno moja mbele ya pakiti, kwamba ujazo umepungua, kungemgharimu wino tu.

Na msiniambie haiwezekani. Ufaransa tangu tarehe 1 Julai 2024 maduka makubwa yanalazimika kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo bila bei kushuka sawasawa, na tangazo likae miezi miwili. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1998 una sheria ya kuonyesha bei ya kilo au lita pamoja na bei ya pakiti. Bei ya kilo, hiyo tu! Ingekuwepo kwenye rafu, kwa herufi zinazosomeka, kitako cha lile kopo kisingenidanganya siku moja.

Kwa hiyo ninachodai ni haya. Bei ya kilo au lita ionekane kwenye rafu. Ujazo ukipunguzwa, tangazo. Kisicho maziwa kisikae na maziwa, na ng'ombe atoke kwenye kopo lisilo na maziwa. Na nyie akina baba mnaotoa hela ya matumizi, kabla ya kuuliza imekwenda wapi, chukueni kikapu mwende mkanunue wenyewe mwezi mmoja, na mizani mkononi. Wangu amekubali, anaanza wikiendi hii.

Mwenye vifungashio vya zamani jikoni asivitupe. Leo usiku pima kitu kimoja, uandike hapa gramu za zamani na za sasa, bila maelezo mengi. Mimi nimeshaanza: tambi 500, sasa 400. Lile kopo la unga mweupe limebaki robo, nimelifunga kwenye mfuko pamoja na risiti, liko mlangoni. Kesho nikitoka kazini narudi nalo dukani, na sitaondoka mpaka mtu mmoja mwenye mamlaka pale anisomee mstari wa nyuma kwa sauti.