Barua ya mstari mmoja: rufaa za fidia za wafanyakazi wa mabaraza ya miji na wilaya Zanzibar zinauliwa kabla hazijaandikwa

Assalamu alaykum wote. Uzi huu ni mkali, asiyependa ukali apite kando.

"Maombi yako ya fidia yamepitiwa na hayakukubaliwa." Nukta. Muhuri, na sahihi isiyosomeka. Hiyo ndiyo barua anayokabidhiwa mfagiaji aliyegongwa na pikipiki alfajiri akiwa na ufagio mkononi, au mchukuzi wa taka aliyekatwa vidole na mlango wa gari. Kisha anaambiwa, tena kwa upole, kwamba ana haki ya kukata rufaa. Rufaa juu ya kitu gani? Hawakuandika kama hawaamini kuwa aliumia, au wanaamini lakini wanasema hakuwa kazini, au wamekubali yote ila wanasema kachelewa kudai. Hizo ni kesi tatu mbalimbali na kila moja ina ushahidi wake. Mtu anaandika kurasa nne kueleza maumivu yake, kumbe walichokuwa wanakataa ni tarehe.

Kwa hiyo ukipewa barua ya namna hiyo, cha mwanzo omba sababu kwa maandishi, na uulize mambo matatu tu: kifungu gani cha sheria kimetumika, nyaraka zipi zilitazamwa, na nani aliyeamua. Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Na usikae ukisubiri majibu huku siku za rufaa zinakwenda. Wasilisha rufaa fupi ya nusu ukurasa, useme humo kwamba umeomba sababu tarehe fulani, hujapewa, na hoja kamili utaziongeza. Nakala ya ombi lako iambatanishwe.

Sasa tarehe. Barua imeandikwa tarehe 3, imelala mezani kwa mtu, unaitwa tarehe 28 kuichukua. Unasaini daftari la barua bila ya kuandika siku uliyopokea, kwa sababu hakuna aliyekwambia. Baadae inasomwa ile tarehe 3 ya juu na unaonekana mzembe. Andika tarehe pembeni ya sahihi yako kwenye daftari lao, andika na juu ya barua yenyewe, bahasha usiitupe. Hili ni dogo mno kulieleza mtu mzima, lakini rufaa zinafia hapa.

Jengine linaloudhi ni watu kupewa ushauri wa Bara. Mtu wa Chake Chake, Pemba, anaambiwa apakue fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ule umetokana na sheria ya 2008 inayotumika Tanzania Bara. Kazi na ajira si mambo ya Muungano, kwa hiyo huku Zanzibar tuna sheria yetu: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Nambari 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho 2005, mwaka uleule zilipotungwa Sheria ya Ajira Nambari 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nambari 8. Rufaa inayotaja vifungu vya Bara inampa muajiri sababu ya bure ya kuitupa. Na wale wanaosema "utalipwa na ZSSF", yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, wanachanganya pencheni na fidia. Mafao ya ulemavu ya ZSSF yanatokana na michango yako na ya muajiri wako. Fidia ya kuumia kazini ni deni la muajiri. Kupata moja hakufuti haki ya kudai nyengine, na ukisikia ofisa utumishi anasema vyengine mwambie aandike.

Na hapa ndipo penye donda lenyewe. Sheria ya 1986 iliuweka mzigo wa kulipa kwa muajiri. Sawa. Lakini muajiri huyohuyo ndiye mwenye daftari la ajali, ndiye anayeandika taarifa ya tukio, ndiye mwenye karatasi ya zamu. Yaani anayedaiwa ndiye anayeshika ushahidi wa anayedai! Msimamizi asipoandika siku ile, mwezi wa pili anasema hakumbuki, na barua inatoka: "Hakuna kumbukumbu ya ajali." Kumbukumbu ilikuwa kazi ya nani?

Ndani ya siku mbili za mwanzo basi. Taarifa iandikwe: saa, mahali hasa (si "Darajani", sema upande gani wa soko na karibu na nini), kazi uliyotumwa na aliyekutuma, kilichokuumiza, kiungo kilichoumia na upande wake, mashahidi wawili. Kama huwezi kuandika, mwenzako aandike, wewe uweke dole gumba. Piga picha ukurasa wa daftari na karatasi ya zamu ya siku hiyo. Ukigongwa na chombo cha moto, fomu ya polisi, PF3, ichukuliwe mapema na iseme ulikuwa kazini. Nyingi zinasema "mtembea kwa miguu" na basi, na neno hilo moja linatosha kukutoa kazini. Hospitali nako, mwambie anayekuandikia jalada kwamba umeumia kazini. Jalada likiandikwa "ameanguka", litasomwa kuwa umeanguka kwako bafuni.

Tuje kwenye asilimia ya ulemavu, ile anayoiandika daktari na fidia ikahesabiwa kwayo, maana wengine hawakataliwi, wanapunjwa. Chukulia msingi wa hesabu ni milioni 20. Asilimia 15 ni milioni 3, asilimia 25 ni milioni 5. Milioni 2 zimepotea kwa ripoti ya daktari yenye mistari minne. Kosa kubwa ni kupimwa kabla ya jeraha kutulia: mfupa bado unaunga, kiungo kimevimba, asilimia inakisiwa tu. Ripoti inayosimama kwenye rufaa inataja siku ya kuumia, matibabu yote, siku ambayo hali ilitulia, na vipimo kwa digrii vikilinganishwa na upande mzima. Goti zima hujikunja kiasi cha digrii 135. Kama lako linaishia 80, hiyo namba iandikwe, si "goti lina ukakamavu". Nguvu ya kubana ya kiganja ipimwe mara tatu kila mkono. Na kidole gumba hakilingani na kidole cha mwisho, kwa hiyo "amepoteza kidole" ni sentensi ya kukataa kuipokea.

Mgongo wa wachukuzi wa taka ni balaa la peke yake. Wanapigwa picha ya eksirei, inatoka safi, wanaambiwa wazima. Eksirei inaonesha mfupa. Diski, ile pedi laini baina ya pingili za mgongo, iliyochomoza ikabana mshipa wa fahamu haionekani humo, inataka kipimo cha MRI. Eksirei safi si ushahidi kwamba mgongo ni mzima, na hoja hiyo iwemo kwenye rufaa kwa maneno hayohayo.

Masikio ya wakata majani kwa mashine: kelele ya desibeli 85 kwa saa nane ndio mpaka unaotumika sana duniani, na mashine zile zinaupita kwa mbali. Kipimo kifanyike ukiwa umekaa mbali na kelele kwa saa 14 au zaidi, ama si hivyo watasema ni uchovu wa siku moja. Mwambie mpimaji akupe mchoro wenyewe wa usikivu. Uziwi wa kelele kwa kawaida huacha kishimo kwenye herzi 4,000 (herzi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kisha mstari ukapanda tena kwenye 8,000. Uziwi wa umri huteremka moja kwa moja bila ya kupanda. Akikwambia "ni uzee", mchoro umjibu.

Sindano kwenye mifuko ya taka, hili naliandika kwa uchungu. Ukichomwa, pimwa siku hiyohiyo virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Dawa za kinga ya Ukimwi zianze haraka, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Kipimo kile cha mwanzo kikiwa safi ndio ushahidi wako pekee kwamba uliingia kazini mzima. Wengi wanaoshwa kwa spiriti, wanafungwa bandeji, wanarudi kwenye gari. Baada ya miezi sita hakuna wa kuthibitisha kitu, na anayeshukiwa ni tabia ya mgonjwa. Wasafisha mitaro wa masika nao, homa ikikushika ndani ya mwezi mmoja tangu uingie kwenye maji machafu, mtajie daktari mtaro na panya. Bila ya hivyo utatibiwa malaria, na homa ya panya haitaandikwa popote.

Mlango wa kwenda nao tunaukosea. Kamisheni ya Utumishi wa Umma ni ya mambo ya utumishi, kama rufaa za nidhamu. Dai la fidia ni la kazi, anza kwa ofisa kazi na Kamishna wa Kazi, na likikwama ni mahkama. Barua kwa mkuu wa wilaya au kwa diwani si rufaa, hata ijibiwe kwa heshima namna gani. Walio Pemba wakitakiwa kwenda kupimwa Unguja, wadai barua ya rufaa ya hospitali na waweke risiti zote. Kutoka Micheweni mpaka bandari ya Mkoani ni kisiwa kizima, bado boti, bado pa kulala, na mgonjwa hasafiri peke yake.

Waliohamishiwa mabarazani kwa ugatuzi wa 2017, walimu wa msingi na watu wa vituo vya afya, angalieni muajiri wenu alikuwa nani siku ya ajali. Huyo ndiye wa kudaiwa, hata kama mshahara leo unatoka kwengine.

Vibarua wasio na barua ya ajira: karatasi ya malipo yenye sahihi zenu, orodha ya zamu, ujumbe wa simu wa msimamizi unaosema "kesho njooni saa kumi na mbili". Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wako, itathibitisha unakoishi na wanaokutegemea. Ajali haithibitishi, kwa sababu sheha hakuwepo.

Na mkiitwa kuchukua hundi ndogo mkapewa karatasi iliyoandikwa "nimepokea malipo yangu yote na sina madai mengine", msisaini hivyo. Andikeni chini kwa mkono: napokea sehemu, rufaa yangu inaendelea. Wakikataa kutoa hundi kwa sababu ya mstari huo, waombeni wakatae kwa maandishi.

Wenye barua za mstari mmoja, futeni majina na nambari za faili, mziweke hapa chini. Nataka tuhesabu ngapi zina kifungu cha sheria ndani yake.