Mjadala: Magari ya kibinafsi yazuiwe Hifadhi ya Ziwa Nakuru wikendi?

Mwalimu wa Njoro (mleta hoja)

Hoja yangu ni hii: Jumamosi, Jumapili na sikukuu, magari madogo ya kibinafsi yaachwe nje ya lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, na wageni wazungushwe kwa mabasi. Magari ya watalii yenye leseni na mabasi ya shule yaendelee kuingia.

Kwanza ni suala la ardhi. Hifadhi ina kilomita za mraba 188 na imezungushiwa ua wa umeme tangu ilipofanywa makao ya vifaru miaka ya themanini. Haina pa kupanukia. Kaskazini kuna jiji, kwingine mashamba. Ziwa nalo limejaa. Kabla ya 2010 lilikuwa takriban kilomita za mraba 40, na kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Maji yalimeza lango kuu la zamani, yakameza barabara ya ufuoni, na migunga ya manjano ikafia majini ikiwa imesimama wima. Kwa hiyo nyati, vifaru, twiga na magari yote yamebanwa kwenye ukanda ulio kati ya maji na ua.

Pili, tufanye hesabu. Tuseme wamekuja watu 150. Wakija watatu kwa gari, hayo ni magari 50. Kwa mabasi ya viti 33 ni mabasi 5. Simba akionekana juu ya mti karibu na barabara, wote hukimbilia pale pale. Magari 50 yanaziba njia pande zote mbili, na mnyama akitaka kushuka hana pa kupitia.

Tatu, wakazi wengi wa Nakuru hawana gari, na hifadhi iko mlangoni mwao. Watetezi wa magari watueleze hao wataingiaje.

Dereva wa Lanet

Mwalimu, salamu. Hesabu ya magari naikubali. Tatizo liko kwenye mabasi yako.

Barabara za ndani si lami. Upande wa kusini, kuelekea maporomoko ya Makalia na lango la Nderit, kuna udongo mweusi ambao mvua kidogo tu huugeuza gundi. Gari dogo likikwama, Land Cruiser moja na kamba vinatosha kulitoa. Basi likizama hadi ekseli linataka trekta. Abiria 33 watakaa ndani wakiisubiri, maana kushuka hairuhusiwi nje ya sehemu zilizotengwa, na sababu ya kutoshuka wanaiona kwa macho yao dirishani. Choo hakuna, maji ya kunywa yameisha, watoto wanalia.

Halafu, basi gani? Haya madogo ya viti 25 na 33 yanayokimbia mjini yana mkia mrefu unaochomoza nyuma ya magurudumu. Pua ikipanda tuta la mtaro, mkia unaparuza chini. Ukirudia mara mbili bampa imeng'oka, mara ya tatu ni ekzosi. Linalofaa ni basi lililojengwa juu ya chasi ya lori. Liko juu na halisumbuki na mitaro, ila springi zake ni ngumu, na anayekaa kiti cha nyuma atarushwa safari nzima. Mwenye mgongo mbovu asipewe kiti hicho.

Mwisho, kuona kwenyewe. Kifaru akiwa kushoto, wote walioketi kulia wanasimama na kujazana dirisha moja. Kelele inaanza, na kifaru haoni mbali lakini anasikia vizuri sana. Ameshaondoka. Magari ya watalii hufunguka paa ili kila mtu aone bila kumpanda mwenzake.

Mama wa Dunga

Kaka Dereva, yote uliyotaja yana fundi wa kuyarekebisha. La tatu la Mwalimu halina.

Huku Kisumu tuna hifadhi ndogo ya swala pala, ilitangazwa 1992 ili kuwalinda swala waliobaki katikati ya mji. Mtu anashuka boda boda langoni, analipa, anatembea kwa miguu hadi ufuo wa ziwa. Muuza samaki wa Dunga na daktari wanaingia kwa namna ile ile. Hata Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, unafika kwa mashua na kutembea.

Nakuru hali ni nyingine. Unaweza kulipa tiketi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa kitandani, lakini bila gari tiketi hiyo haikufikishi popote. Kutembea huruhusiwi, boda haiingii. Unabaki kukodi teksi ya siku nzima, na teksi yenyewe inalipiwa ada yake kando na yako. Kwa familia ya watu watano, usafiri unaweza kuizidi tiketi. Hifadhi ya Nairobi iliwahi kuweka basi la wikendi kutoka mjini kwa ajili ya watu kama hao. Nakuru ina ugumu gani?

Kijana wa Baiskeli, Naivasha

Kwa nini tunazungumzia injini tu? Katika Hifadhi ya Hell's Gate watu wanaendesha baiskeli kati ya pundamilia tangu zamani. Saiwa, kule karibu na Kitale, hifadhi ina kilomita za mraba 3 hivi na hakuna gari linaloingia: unatembea juu ya njia za mbao na kupanda minara kumtazama nzohe, swala wa kinamasi, kwenye matete. Tengeni njia ya baiskeli Nakuru.

Dereva wa Lanet

Kijana, Saiwa hakuna simba. Nakuru wapo, pamoja na chui, vifaru wa aina mbili na nyati kila kichaka. Nyati dume aliyetengwa na kundi hulala kwenye majani marefu hatua chache kutoka barabarani, na baiskeli humfikia kabla hajaisikia. Akishtuliwa karibu hivyo hakimbii, anashambulia. Hilo la baiskeli tuliache.

Mwangalizi wa Ndege

Mimi napinga hoja, na si kwa sababu ya matope.

Flamingo wa aina ndogo hula mwani wa spirulina, unaostawi kwenye maji yenye magadi mazito. Ziwa lilipojaa, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na makundi makubwa yakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Waliopo Nakuru leo hawana mahali pa kudumu. Wanafuata maji ya kina kifupi, na kina kinabadilika. Anayetaka kuwaona lazima afike alfajiri kabla upepo haujavuruga maji, asimame, azime injini, asubiri dakika 20 au zaidi, kisha asogee ghuba ya pili. Ndege wa kichakani ni vivyo hivyo: sauti kwanza, ndege baadaye. Dereva wa basi ana ratiba, na nyuma yake ana watu 30 wanaouliza simba yuko wapi.

Pendekezo langu: magari binafsi yaruhusiwe kuanzia lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi, hadi saa tatu. Baada ya hapo, mabasi.

Mwalimu wa Njoro

Ndugu yangu, ukifungua dirisha hilo, kila mwenye gari Nakuru atakuwa mwangalizi wa ndege saa kumi na mbili asubuhi. Alfajiri ndipo simba na vifaru wanapotembea. Utakuwa umehamisha msongamano wa saa nne ukauweka kwenye saa nyeti kuliko zote.

Ila nakubali basi la kawaida haliwafai. Watu wa ndege wapewe gari dogo la kukodi kwa kikundi, watu 6 au 7, lenye mwongozaji. Wakitaka kukaa ghuba moja asubuhi nzima, shauri yao.

Mhandisi wa Maji

Kwa kifupi tu. Magari hayajalijaza ziwa hili wala kulichafua. Mto Njoro na mitaro ya jiji ndiyo inayoleta chupa, mifuko na majitaka kila mvua inaponyesha. Plastiki za matumizi ya mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na mgeni anaulizwa chupa yake langoni huku mtaro ukishusha gunia zima upande wa pili. Mkishamaliza habari za mabasi, mje na huku.

Karani wa Safari za Shule

Mhandisi, umesema kweli, ila huo ni mjadala wake. Nirudi kwenye mabasi, maana shule tayari zinayatumia na matatizo yake yanajulikana.

Tiketi. Malipo ni ya mtandaoni, langoni hakuna pesa taslimu. Makosa yanajirudia. Mtu anachagua kundi lisilo lake, mfano mkazi badala ya raia, na kundi hilo lina bei kubwa zaidi. Anaweka tarehe ya leo ilhali safari ni kesho. Au idadi iliyolipiwa haitoshi kwa waliomo ndani ya basi, na gari zima linangoja kando mtu mmoja alipiwe huku mtandao ukizunguka. Dawa ni kulipa jioni iliyotangulia, kuchapisha risiti badala ya kutegemea simu itakayozima, kubeba vitambulisho (kwa wanafunzi, barua ya shule yenye muhuri), na kuhesabu watu kabla basi halijaondoka mjini.

Mzunguko. Mabasi yasijaribu kuzunguka hifadhi yote. Kikomo cha mwendo ni kilomita 40 kwa saa, na kwenye njia mbovu hufiki hata 25. Ukisimama kwa wanyama, kwenye kilima cha Baboon Cliff na Makalia, saa 4 hadi 5 zimekwisha. Basi la umma lipewe mzunguko mfupi usiozidi muda wa saa 3, na likwepe kusini kabisa msimu wa mvua. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo basi la mwisho liingie saa nane mchana, isiwe baadaye. Likikwama saa kumi bado kuna mwanga wa kulivuta.

Kushuka. Pale Baboon Cliff watu huruhusiwa kushuka, na hapo ndipo shida inapoanza. Nyani wa pale wamezoea magari na wanajua mkoba wa chakula kwa umbo. Vyakula vifungiwe kwenye buti, madirisha yafungwe yote kabla ya mtu wa kwanza kushuka (lile la dereva husahaulika, na nyani huingilia hapo hapo), na asiwepo wa kula nje akiwa amesimama. Wakati wa kupanda tena, usihesabu kwa macho. Kila abiria apewe kadi ya namba anaposhuka na airudishe mlangoni. Kadi 32 mkononi kati ya 33 maana yake basi haliondoki.

Kelele aliyotaja Dereva ni kweli, na ina tiba. Mnyama akionekana kushoto, dereva asisimame sambamba naye. Apite polepole, asimame mbele kidogo kwa mshazari pale njia inaporuhusu, azime injini, upande wa kushoto watazame dakika 3, kisha asogee hadi upande wa kulia waone. Umbali usipungue mita 20. Anayesimama kitini, basi linaondoka. Watoto wa darasa la nne huelewa sheria hiyo baada ya kunyimwa mnyama mmoja tu. Watu wazima huchukua wawili watatu.

Dereva wa Lanet

Karani amenijibu vizuri kuliko mleta hoja. Basi la chasi ya lori, mzunguko mfupi, kadi za namba: hayo nayapokea.

Nibaki na moja. Mabasi hayo yataondoka kwa saa au kwa kujaa? Mkiyakabidhi kwa saco za mjini, vyama vya wenye matatu, yatangoja stejini hadi kiti cha mwisho kipate mtu. Basi la saa moja litaondoka saa tatu, wanyama wameshaingia kivulini. Mkiyapa hifadhi iyaendeshe kwa saa, kuna asubuhi yatazunguka na watu 6. Mafuta ya viti 27 vitupu yatalipwa na nani?

Mama wa Dunga

Ada ya maegesho. Wenye magari watakaoyaacha langoni walipe ya kuegesha siku nzima, na pesa hiyo ijazie viti vitupu. Abiria aliyekuja kwa miguu asitwishwe mzigo huo, maana hapo tutakuwa tumerudi kule kule kwa teksi.

Mwangalizi wa Ndege

Dada, maegesho ya magari 50 yatawekwa wapi? Lango lilihamishwa kwa kuyakimbia maji, na nje yake ni nyumba za watu. Ukichonga uwanja ndani ya ua umepunguza ardhi ile ile Mwalimu anayoililia.

Mwalimu wa Njoro

Hilo ni pigo, sikatai. Jibu langu ni kwamba yasifike langoni kabisa. Magari yaachwe mjini kwenye maegesho yaliyopo, basi lianzie huko, ni kilomita chache tu. Anayekuja kutoka Nairobi apandie upande wa Lanet kabla hajaingia jijini. Na tuanze kwa majaribio: sikukuu tu, miezi 6, magari yahesabiwe langoni kila siku na idadi ibandikwe ukutani watu waisome.

Dereva wa Lanet

Sikukuu, sawa. Lakini tarehe ya kumaliza majaribio iandikwe kwenye tangazo lile lile la kuyaanzisha, na trekta iwe imeshaegeshwa upande wa Nderit kabla basi la kwanza halijaingia. Bila hiyo trekta mimi bado niko upande wa kupinga.