Miwaridi imeota matawi marefu, maua hakuna. Nimekosea wapi kupogoa?

UaniKwangu (Lindi mjini)
Habari za leo wadau. Nina miwaridi 6 ya maua mekundu, miche ya kubebesha (iliyounganishwa juu ya shina la mwaridi wa aina nyingine) niliyoletewa kutoka Arusha. Januari, mvua ikiwa imekolea, niliipogoa mpaka ikabaki kiganja kimoja tu kutoka ardhini. Imechipua kweli, matawi yamenipita kimo, lakini ua hakuna hata la dawa! Majani ya chini yana madoa meusi, yanageuka njano na kupukutika. Binti yangu anaolewa katikati ya Agosti na nataka waridi la kikuba chake, kile kifungu cha maua ya kunukia, litoke hapa hapa uani. Sasa ni Mei. Nikate tena?

Bustani_Mikindani
Hongera kwa harusi dada. Madoa hayo ni ukungu, unapenda majani yanayoshinda na maji. Ndiyo maana masika mimi nachuma maua yaliyonyauka tu, sikati sana. Subiri mvua ikatike. Mwaridi wa kisasa huchanua kwenye chipukizi jipya, na tangu kukata hadi kuchanua ni kama wiki 6 hadi 8. Hesabu kurudi nyuma: nusu ikate wiki ya tatu ya Juni, nusu wiki inayofuata. Toa theluthi ya urefu tu, nusu sentimita juu ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama nje. Ukikata sana unapata maua machache yenye vikonyo virefu. Ya kikuba hayahitaji kikonyo, unataka wingi.

Mkorosho_Newala
Shikamoo mama. Kabla ya mkasi, fukua shina. Mche wa kubebesha ukikatwa karibu na fundo, pale ulipounganishwa, shina la chini linaamka, mikorosho yetu hufanya hivyo hivyo. Hayo matawi yametokea juu ya fundo au chini? Maotea, yaani matawi ya shina hilo la chini, mara nyingi yana vijani 7 kwenye jani moja, lakini usitegemee hesabu peke yake.

UaniKwangu
Marahaba mwanangu. Nimefukua leo asubuhi. Miwaridi 4, matawi yote marefu yanatoka chini ya fundo, vijani 7. Waridi lenyewe lina vitawi viwili vyembamba kama njiti, vimejificha kivulini. Nimelia jamani. Miezi 4 namwagilia na kutia samadi maotea!

Mkorosho_Newala
Pole sana mama. Usiyakate kwa mkasi, yatarudi. Shika kila moja pale lilipotokea, livute kwenda chini ling'oke lote. Vile vitawi viache na majani yake, mwaka huu visiguswe.

Bustani_Mikindani
Nakubaliana naye, ile hesabu yangu ya Juni itumie kwa ile 2 mizima tu. Okota majani yenye madoa uyachome. Kusi likishika mchanga unakauka upesi, mwagilia shinani asubuhi na utandaze nyasi.

UaniKwangu
Miwaridi 2 itatosha kikuba?

Bustani_Mikindani
Inatosha, asumini na mrehani vitajaza. Chuma alfajiri, kabla jua halijaondoa harufu.