Kafyu ya Lamu 2014: kuna mvuvi aliyewahi kulipwa fidia?

Binti_wa_Mashua:

Asalaam aleikum nyote. Nauliza swali moja, na naomba anijibu anayejua. Ile kafyu ya Lamu ya 2014, iliyowekwa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, na marufuku ya kuvua usiku iliyobaki baada yake, kuna mvuvi yeyote aliyelipwa? Hata mmoja?

Babangu alifariki mwaka jana. Juzi tulikuwa twapanga vitu vyake nikakuta daftari lake la mauzo, lina jalada la buluu na kurasa zimeliwa na chumvi pembeni. Alikuwa na mashua na mabaharia watatu, kazi yao jarife. Walikuwa wakitoka kabla ya magharibi, wanatega, wanalala papo hapo baharini, alfajiri wanavuta. Jarife ni nyavu ya usiku. Mchana samaki auona uzi, aukwepa. Usiku wa giza ndio wenye riziki, na mwezi ukiwa mpevu watu hukaa baraza wakashona nyavu zao. Kumwambia mvuvi wa jarife avue mchana ni kumwambia asivue.

Kwenye daftari, Juni 2014 imejaa: kilo 38, kilo 52, kilo 27, nguru wawili wakubwa, deni la barafu limelipwa. Kisha ukurasa wa Julai ameandika tarehe 20, mbele yake neno moja kwa herufi kubwa, MARUFUKU. Chini yake ameendelea kuandika tarehe, siku baada ya siku, bila kitu mbele yake. Kurasa tatu. Sijui kwa nini aliendelea kuziandika. Septemba yaanza kuonekana kilo 3, kilo 5. Hizo ni za mshipi, alikuwa akienda mwenyewe mchana na dau la kuazima, mabaharia wameshatawanyika.

Wasiokuwa Lamu huenda hawakumbuki. Amri ilipoanza ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Adhana ya magharibi na kafyu viliingia pamoja. Isha na tarawehe tuliswali nyumbani, usiku wa Lailatul Qadr misikiti yetu ikiwa kimya. Babangu alikuwa na miaka 61 na sikuwahi kumwona akilia kabla ya usiku ule.

Sasa lililo moyoni. Mpeketoni wauaji walifika kwa magari. Gamba ni bara. Hindi ni bara. Lile basi la Witu, lililofanya amri itoke, lilishambuliwa barabarani. Basi kwa nini ilifungwa bahari? Nani alikaa chini akapima kwamba jarife la babangu ndilo hatari? Sitaki kusikia "ni kwa usalama wenu". Nataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kutakiwa aeleze.

---

Mkulima_wa_Ziwa:

Pole sana dada kwa kumpoteza mzee.

Mimi ni wa Mpeketoni, nimezaliwa hapa, wazazi wangu walipewa shamba kwenye skimu ya makazi ya serikali. Nitasema ukweli wangu hata kama hautakupendeza. Kafyu ilipotangazwa mimi nilishukuru. Usiku wa tarehe 15 Juni watu walikuwa kwenye vibanda vya video wanatazama Kombe la Dunia. Jirani yangu alitoka nyumbani akisema anaangalia kipindi cha kwanza tu. Sisi tulilala shambani kwenye mahindi, mtoto nimemziba mdomo kwa kanga ya mama yake, tunasikia risasi saa baada ya saa na hakuna anayekuja. Usiku ule na uliofuata zaidi ya watu 60 walikufa. Kwa hivyo ukiniambia serikali imefunga usiku, mimi wakati huo ningekubali ifunge hata mchana.

Lakini nimekaa na jambo hili miaka yote hii, na kinachonichoma ni usiku wa pili. Asubuhi ya Jumatatu nchi nzima ilikuwa inajua. Helikopta zimekuja, wakubwa wamekuja, kamera zimekuja. Na usiku huohuo wakarudi, Poromoko na Majembeni, wakaua tena. Usiku wa kwanza mtu anaweza kusema alishtukizwa. Usiku wa pili alishtukizwa na nini?

Halafu Jumanne Rais Kenyatta akasimama kwenye televisheni akasema si Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Na Al-Shabaab walikuwa wameshasema ni wao. Unajua maneno yale yalifanya nini hapa? Kesho yake mimi na Mbajuni niliyekuwa nikimuuzia ndizi miaka kumi na mbili hatukuweza kuangaliana. Yeye anafikiri mimi namshuku, mimi nafikiri yeye anajua kitu. Hiyo ilichukua muda mrefu kupona, na kwa wengine haijapona.

IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, walichunguza, wakaandika kwamba polisi walichelewa na amri zao hazikuwa na mpangilio. Imeandikwa. Sasa niambieni, baada ya kuandikwa, kilichofuata ni nini?

---

Baba_Wanafunzi:

Kilichofuata ni Garissa.

Samahani kwa kuingilia, mimi si wa Pwani. Mpwa wangu alikuwa Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, akatoka hai kwa sababu alijificha ndani ya kabati la nguo. Shambulio lilianza alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015. Wale vijana wa Recce, kikosi maalum cha polisi ambao ndio kazi yao, walikuwa Ruiru wakisubiri ndege, na waandishi waliotoka Nairobi kwa barabara waliwatangulia kufika. Recce walipoingia jioni, walimaliza kazi kwa muda mfupi sana. Siwalaumu wao hata kidogo. Lakini wale watoto 142 na wengine waliokufa nao, jumla 148, wengi walikufa katika saa hizo za kusubiri.

Mwaka na nusu kabla ya hapo, shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, walikufa watu 67, tuliahidiwa tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Kama ingekaa, swali la kwanza lingekuwa nani anatoa amri na kikosi kinafikaje haraka. Mpwa wangu hadi leo hafungi mlango wa kabati.

---

Kizingo_Sheria:

Dada Binti, poleni kwa msiba. Nafanya kazi ya msaada wa kisheria Mombasa, nakujibu swali lako moja kwa moja.

Mimi sijakutana na mvuvi aliyelipwa kwa ajili ya kafyu. Ninachoweza kukwambia ni hiki. Kafyu yenyewe ilipingwa mahakamani, na Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa. Marufuku ya kuvua usiku ikaendelea kivyake, miaka. Hapo ndipo kwenye hoja yako, kwa sababu amri inayoondoa riziki ya mtu lazima iwe na msingi wa sheria, itolewe sababu, na iwe na mwisho. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba taarifa zinazoshikiliwa na serikali, na tangu 2016 kuna sheria ya kuitekeleza. Kifungu cha 23 kinairuhusu mahakama kuamuru fidia haki inapovunjwa.

Watakwambia hasara ya mvuvi haihesabiki. Inahesabika. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Ni kesi nyingine, lakini hesabu ya kilo na siku ni ileile.

Usichelewe zaidi. Mahakama itakuuliza mlikuwa wapi miaka yote. Anza na barua ya kuomba taarifa: nani alitoa amri ya bahari, tarehe gani, kwa sheria gani, ilipitiwa upya lini. Usianze na fidia. Na daftari hilo usilitoe mkononi, peleka nakala.

---

Binti_wa_Mashua:

Nimesoma yote mara mbili. Ahsanteni sana.

Ndugu Mkulima, sikukasirika. Nilikuwa sijui habari ya kulala kwenye mahindi na mtoto umemziba mdomo. Sisi kisiwani tulisikia idadi tu. Na wewe huenda hukujua kwamba mwezi wa Oktoba, kusi imekatika, maleleji yameingia, bahari imetulia kama sahani, babangu alikuwa akikaa ngazi za forodhani kila jioni kutazama maji mpaka askari wa doria wamwambie ainuke. Siku moja mmoja wao, kijana mdogo, alimpiga teke la mguu kwa kuchelewa kuinuka. Babangu akaniambia nisiseme kwa mtu. Nasema leo.

Baba wa Garissa, Mwenyezi Mungu amponye mpwa wako.

Kizingo, nimeanza barua jana usiku. Nina swali dogo: baharia mmoja wa babangu yuko Kizingitini, mwingine Kiunga, wa tatu aliuza sehemu yake ya nyavu akaenda Saudia kuwa dereva. Je, niwatafute wote watatu waweke sahihi pamoja nami, au jina la mwenye chombo latosha? Kwenye daftari kila mauzo yamegawanywa, sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu, na sehemu zao kwa majina. Kilichopotea kilikuwa chao pia.

Kurasa nimezihesabu. Kuanzia tarehe 20 Julai hadi mwisho wa Desemba ni siku 165. Zenye samaki ni 31.