Mshauri nasaha haielewi familia yetu ya Kihindi: nimbadilishe au nivumilie?

Mkwe wa Leicester:
Nimezaliwa Mombasa katika familia ya Kihindi, na tangu niolewe ninaishi Leicester na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe, ambaye alifukuzwa Uganda mwaka 1972 akiwa msichana. Nilipopatwa na sonona nilijiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza), nikapewa mshauri nasaha Mwingereza, mtu mpole na msikivu. Tatizo ni kwamba kila nikimweleza kuwa mama mkwe ndiye anayepanga mapishi, au kwamba mshahara wangu unaingia katika mfuko mmoja wa nyumba, ananirudisha pale pale: niweke mipaka, nifikirie kuhamia kwangu. Mimi sitaki kuhama. Nataka kupata usingizi na kuacha kulia garini kabla ya kuingia ndani. Nikitafuta mshauri wa jamii yetu, nahofia habari zangu zitafika msikitini kabla yangu. Nifanyeje?

Mnasihi, Manchester:
Pole sana, dada. Wengi wetu tulifundishwa kumpima mtu mzima kwa uwezo wake wa kujitegemea, ilhali katika nyumba kama yako mtu mzima ni yule anayetegemewa, na mshauri asiyeiona tofauti hiyo huugeuza upendo kuwa ugonjwa. Kabla ya kumwacha, mwambie waziwazi mwanzoni mwa kikao kijacho kwamba kuhama si lengo lako. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 una mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni, yakiwemo mgonjwa analiitaje tatizo lake, familia inadhani limetokana na nini, na nani anamsaidia. Asipokuuliza, jieleze wewe.

Tiba iliyorekebishwa iendane na utamaduni wa mgonjwa si porojo. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha wanawake 732 wenye asili ya Asia Kusini waliokuwa na sonona baada ya kujifungua. Miezi minne baadaye, takriban nusu ya waliopangiwa vikao vya kikundi vilivyozingatia lugha na mila zao walikuwa wamepona, idadi kubwa kuliko ya waliopata huduma ya kawaida, ingawa baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo haikuwa dhahiri tena. Kuhusu siri, unaweza kuomba mshauri wa mji mwingine kwa njia ya video.

Mzee wa Kampala, Toronto:
Binti yangu, usidhani kufanana sura kunatosha. Mshauri wangu wa kwanza alikuwa Mhindi wa Delhi, akanisomea mila za kwao kana kwamba mimi nimetokea huko, wakati kilichonikosesha usingizi ni Kampala na zile siku 90 alizotupa Amin tuwe tumeondoka. Aliyenifaa baadaye ni mama wa Kikanada aliyekuwa hajui lolote, lakini aliuliza. Huyo mama mkwe wako naye huenda ana yake aliyoyafungia. Kwa kizazi chetu hayo hutoka kama maumivu ya kifua au tumbo, na daktari humpa mtu vidonge.

Bi. Zuhura, Dar es Salaam:
Naafikiana na waliotangulia, ila naona swali moja limerukwa. Huo mshahara unautoa kwa hiari yako, au unachukuliwa? Kama unachukuliwa, mshauri wako hajakosea kuulizia mipaka, na neno utamaduni lisitumike kulifunika jambo hilo.

Mkwe wa Leicester:
Ahsanteni nyote, mzee wangu, shikamoo. Bi. Zuhura, kwa kweli sijawahi kuulizwa, wala mimi sijawahi kusema. Jumanne nitamwambia mshauri kwamba suala la kuhama tumelifunga, na kwamba ninahitaji msaada wa kulizungumza hili la mshahara na mume wangu kwanza, kisha na mama, bila mmoja wao kuvunjiwa heshima. Akishindwa hapo, nitaomba mwingine.