Aliyepiga makofi Vienna ni yeye, wala si mimi

Uzi umeanzishwa na: Teno wa Pili

Ndugu zangu tuliosafiri pamoja, nimevumilia tangu siku tuliyoteremka kwenye treni ya kurudi, lakini ya jana usiku yamenishinda. Tulikuwa tukiwakaribisha wanakwaya wapya, pilau imeiva, watu wanakula kwa amani, ndipo yule bwana akainuka, akagonga glasi kwa kijiko na kuanza kusimulia kumbukumbu za safari yetu ya Ulaya. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyekuwamo katika msafara ule anamjua kwa skafu yake nyekundu na kwa desturi yake ya kutoa sauti ya kwanza ya wimbo kabla hajamsalimia mtu. Alisimulia habari ya Vienna, na katika masimulizi yake aliyepiga makofi ni mimi. Wapya walicheka hadi mmoja wao akamwaga kachumbari. Leo asubuhi, kabla sijanywa hata chai, kijana wa sauti ya nne ambaye jina lake silijui amenisimamisha njiani na kuniita "Mzee Bravo".

Sasa naomba mnisikilize. Usiku ule Vienna tulikuwa na tiketi za kusimama, nyuma kabisa ya ule Ukumbi wa Dhahabu wa Musikverein ambao umekuwapo tangu mwaka 1870, na okestra ilikuwa ikipiga Simfoni Na. 6 ya Tchaikovsky. Kila aliyewahi kuisikia anaujua mtego wake: sehemu ya 3 ni gwaride linalopanda na kupanda, matarumbeta yanawaka, ngoma zinaunguruma, kisha linakatika kwa kishindo ambacho humfanya mtu aamini kwamba mambo yamekwisha, ilhali sehemu ya 4, ambayo ni maombolezo matupu, bado haijaanza, na siku hizi desturi ni kupiga makofi mwisho wa simfoni tu. Mimi mtego huo niliujua. Nilikuwa nimeusoma kwenye karatasi ya programu tukiwa bado kwenye foleni, na mikono yangu yote miwili ilikuwa mifukoni.

Gwaride likakatika, naye akapiga makofi. Hayakuwa makofi mawili ya kuteleza, bali makofi ya mtu anayefukuza ndege shambani, yenye nguvu ya kutosha kuwarusha njiwa wote wa Austria, na juu yake akapaza sauti: "Bravo!" Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba mtu angemenya karanga Salzburg, kilomita zipatazo 300 kutoka pale, nasi tungemsikia. Mama mmoja mzee mwenye lulu shingoni, aliyeketi mstari wa mbele yetu, akageuka polepole kama lango la ngome. Hapo, ndugu zangu, ndipo yule bwana aliponyoosha kidole kunielekezea mimi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kumwambia yule mama kwa Kijerumani kilichonyooka: "Muwieni radhi, bado anajifunza."

Bado anajifunza! Mimi, niliyeimba Bach tangu nikiwa kidato cha pili! Yule mama alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo hata siku niliyofiwa. Sehemu yote ya 4 niliisikiliza nikiwa na kidole kile mbele ya macho yangu. Gongo, lile sahani kubwa la shaba la okestra, lilipogongwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mlango wa kaburi unavyofungwa, niliona linagongwa kwa ajili ya heshima yangu. Na sauti za selo na besi zilipofifia hadi zikatoweka, yeye alikuwa amefumba macho kama mcha Mungu.

Nayataja mengine kwa ufupi tu, ili mjue kwamba hana haki ya kumwita mtu mwanafunzi. Leipzig, katika kanisa la Thomaskirche, alisimama mbele ya bamba la shaba la kaburi la Bach akahutubia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitarajia Bach mwenyewe, ambaye mifupa yake ilihamishiwa pale mwaka 1950, aombe kuhamishwa tena. Vienna, katika makaburi ya Zentralfriedhof, alilia machozi mbele ya mnara wa Mozart, wakati Mozart hayupo pale. Alizikwa makaburi ya St. Marx mwaka 1791, na mahali hasa pa kaburi lake hapajulikani kwa uhakika. Nilimweleza hayo kwa adabu, kwa sauti ya chini, pembeni. Nina hakika kidole cha jioni ile kilikuwa malipo ya asubuhi ile.

Namtaka asimame mbele ya wanakwaya wote na kusema maneno manne tu: "Aliyepiga makofi ni mimi." Hata hivyo ninachokiona kila nikifumba macho si makofi, ni kidole.

---

Alto wa Mwanzo: Pole sana kaka. Nilikuwa nimesimama nyuma yenu na nilikiona kidole hicho. Kilikuwa kirefu kuliko fimbo ya mwongozaji wa okestra.

Sauti ya Nne Daima: Mzee Bravo, shikamoo.

Teno wa Pili: Naomba jina hilo lisitumike katika uzi huu.

Binti Soprano: Mimi nina swali la haki kabisa. Ikiwa mikono yako ilikuwa mifukoni, kwa nini yule mama mwenye lulu alikuamini wewe kuwa ndiye mkosaji papo hapo, bila kuuliza shahidi hata mmoja? Lazima uso wako ulikuwa umekwisha kukiri.

Mpiga Kinanda: Tusimwonee hata huyo aliyepiga makofi. Kunyamaza katikati ya simfoni ni desturi iliyokuja baadaye. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi simfoni yake ikiwa bado inaendelea. Kwa hiyo mwenzetu wa skafu nyekundu alikuwa tu amechelewa kwa zaidi ya miaka 200.

Teno wa Pili: Ndugu Mpiga Kinanda, umenena kweli tupu na haihusiani na shauri langu. Sina ugomvi na makofi. Angepiga makofi hadi asubuhi ningemtetea mbele ya ukumbi mzima. Ugomvi wangu ni kidole, na yale maneno "bado anajifunza", ambayo jana ameyarudia mbele ya watoto waliojiunga juzi.

Sauti ya Nne Daima: Tumekuelewa, Mzee Bravo. Lakini kama ni kudai haki, nami nianze kudai ya kwangu. Ni nani aliyeamua kwamba watu wa besi, kwa kuwa sauti zetu ni nzito, ndio tubebe masanduku ya nota kutoka kituo cha treni cha Prague hadi hosteli? Mabega yangu hadi leo hayajalingana. Tulifika mbele ya ule ukumbi wa Estates Theatre, ambako opera ya Mozart, Don Giovanni, ilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1787, na sikuona chochote isipokuwa mawe ya barabarani, kwa sababu sikuweza kuinua kichwa.

Alto wa Mwanzo: Ninyi mlibeba masanduku, sisi tulibeba njaa. Mlisahau kwamba kule Salzburg tulisimama saa nzima mbele ya Getreidegasse Na. 9, nyumba aliyozaliwa Mozart mwaka 1756, mvua ikitunyeshea, huku mwenye fedha za chakula cha mchana akiwa ndani anatazama fidla ya utotoni ya Mozart? Nilikuwa tayari kuitafuna ile fidla.

Binti Soprano: Chakula mmeanza kukitaja wenyewe. Nilinunua boksi la Mozartkugel, zile tufe za chokoleti, la kumpelekea mama yangu, vipande 12, nikaliweka juu ya begi langu kwenye treni. Tulipofika mpakani vilikuwa vitano. Aliyekuwa ameketi karibu ni Sauti ya Nne Daima, na alikuwa akilamba vidole.

Sauti ya Nne Daima: Vidole vilikuwa na mafuta ya samosa. Halafu mimi nilikuwa dirishani. Aliyekuwa karibu na begi ni Mpiga Kinanda.

Mpiga Kinanda: Mimi nilikuwa nimelala tangu Salzburg, na nina mashahidi walionilalamikia kwa kukoroma.

Alto wa Mwanzo: Hilo nalithibitisha. Alikoroma kwa mapigo matatu matatu kama waltz, na kila mpigo wa kwanza aliutilia mkazo.

Teno wa Pili: Jamani, tulikuwa tunazungumzia kidole.

Binti Soprano: Kaka, nakuheshimu, lakini kidole chako hakikuliwa. Vipande saba vya mama yangu vililiwa. Naomba kila aliyekuwa katika behewa lile aseme alikuwa ameketi wapi, na asianze mtu kunieleza habari za samosa.

Mpiga Kinanda: Behewa lile kulikuwa na mtu mmoja mwenye skafu nyekundu aliyeshuka kituoni mara mbili akisema anakwenda kunyoosha miguu.

Alto wa Mwanzo: Na aliporudi mara ya pili skafu ilikuwa na chokoleti. Nilidhani ni tope.

Binti Soprano: Naandika ujumbe kwake sasa hivi.